Maji Katika Tangi la Ajuza

Mzee Redio anasema aliona kila kitu. Anasema Alhamisi jioni, jua bado lipo, alipanda juu ya ndoo yake iliyofudikizwa ili kuangalia kuku wake walikokwenda, na kwa bahati tu macho yake yakaangukia uani kwetu. Akamwona mjomba wangu ameinama kwenye gari la baba, ndoo ya maji mkononi. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Kisha anayamimina maji yote ndani ya gari, taratiiibu, huku anacheka peke yake.

"Huku anacheka!" alirudia, kidole juu. "Mtu mzima kama mimi nidanganye ili iweje?"

Hayo aliyatangaza Jumamosi asubuhi, kichwa chake kikiwa juu ya ukuta unaotenganisha ua wetu na wake, wakati gari la baba limezimika katikati ya lango na milango miwili mipya imefungwa juu ya paa. Jina lake halisi silijui. Mtaa mzima ulimwita Mzee Redio kwa sababu matangazo yake yalianza alfajiri na hakuwa na kitufe cha kuzimia.

Gari lenyewe tuliliita Ajuza. Lilikuwa la dizeli, umri wake mara mbili ya wangu, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba ni seremala. Alilipata kwa mtu aliyeshindwa nalo, likakaa uani miaka minne chini ya turubai, kuku wa Mzee Redio wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Kisha mjomba, mdogo wake mama, akaja kuishi nasi baada ya gereji aliyofanyia kazi kufungwa. Siku ya kwanza alifunua turubai, akalipiga boneti kofi dogo, akasema, "Huyu hajafa. Kanuna tu."

Kuanzia hapo kila Jumamosi na Jumapili tulikuwa uani. Mjomba alikuwa na utaratibu wake. Alitandika blanketi kuukuu chini, na kila kilichofunguliwa kililazwa juu yake kwa mstari, kilichotangulia kutoka upande wa kushoto, cha mwisho upande wa kulia. Wakati wa kurudisha tulianza kulia. Kazi yangu ilikuwa kulinda blanketi lile, asipite kuku, asipite mtu. Ndiyo maana aliniita Nati.

"Kadogo," alisema, "lakini kakipotea gari haliendi."

Alinifundisha mengi. Alisema injini ya petroli inawashwa kwa cheche, lakini ya dizeli haina cheche. "Dizeli inabanwa, inabanwa, mpaka inakasirika. Ikikasirika inalipuka, gari linakwenda." Akachungulia mlangoni, akaninong'oneza, "Kama baba yako." Nilicheka hadi nikaangusha spana.

Alinionya pia kwamba dizeli ina maadui watatu: uchafu, upepo na maji. Tulikuwa na dumu moja jekundu la kuletea dizeli. "Madumu mengine yote ya nyumba hii yanaoga," alisema. "Hili jekundu haliogi. Umesikia, Nati?"

"Nimesikia, mjomba."

Miezi saba ilipita hivyo. Wiki moja kabla ya siku ile mbaya, Ajuza aliwaka. Alitikisika mwili mzima, akatoa moshi mweusi uliomfanya Mzee Redio akohoe kwa makusudi, kisha akatulia na kunguruma vizuri. Baba, ambaye hachezi hata harusini, alicheza. Palepale akamwahidi mteja wake kwamba Jumamosi milango yake ataipeleka mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe, kabla ya saa sita.

Sasa Jumamosi ilikuwa imefika, na Ajuza alikuwa amekwenda hatua kumi na tano, akakohoa, akatoa moshi mweupe, akafa. Baba aliwasha tena, na tena, hadi betri ikachoka, ikabaki kulia kama paka.

 Mjomba alifungua boneti, akaweka chupa ya kioo chini ya chujio la dizeli, akalegeza skrubu ya chini. Matone yalidondoka. Akainua chupa kwenye mwanga, akangoja itulie. Juu kulikuwa na dizeli ya rangi ya chai. Chini yake kulikuwa na kitu kingine cheupe, kisafi, kimejitenga kabisa.

"Maji," alisema mjomba.

Ndipo Redio ikafunguliwa.

Ilipomaliza kutangaza ndoo, kutazama kushoto na kucheka, iliongeza na maoni yake. "Jiulize, seremala. Gari likipona, shemeji yako atakuwa na kazi gani hapo kwako? Atakula wapi? Mgonjwa akipona, mganga anafungasha."

Niliona shingo ya baba ikivimba.

"Ile ndoo ilikuwa ya rejeta, shemeji," alisema mjomba. "Nilikuwa naongeza maji ya kupooza injini."

"Kweli, baba," nilisema. "Mimi ndiye niliyeshika faneli. Ilikuwa mbele kwenye rejeta, siyo nyuma kwenye tangi!"

"Wewe nyamaza! Haya, basi ya kwenye tangi yametoka wapi?" Baba alizunguka akitutazama mmoja mmoja. "Yamekuja kwa miguu? Ee? Yamepiga hodi, yakafungua kifuniko, yakaingia? Nataka kujua, ni nani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka dumu.

Ijumaa baada ya shule baba alinituma dizeli kituo cha mafuta. Nilipofungua dumu jekundu nilikuta mende amekufa ndani. Nyumbani kwetu mama ana sheria moja isiyovunjwa: hakuna dumu linalojazwa bila kusuuzwa. Niliwahi kuugua tumbo vibaya nikiwa darasa la pili, na tangu hapo mkono wangu husuuza dumu bila hata kuuliza kichwa. Nikasuuza. Mara tatu. Nilipokuwa nalikung'uta ndipo nikakumbuka maneno ya mjomba, nikalifudikiza kwenye ngazi ya jikoni, jua likalipiga kidogo. Nilipoliinua halikudondosha hata tone. Nikaona mambo sawa. Nikaenda, nikarudi, nikamimina kwenye tangi.

 Nilitazama chini. Nilipoinua macho, mjomba alikuwa akinitazama mimi. Alitazama ngazi ya jikoni, akanitazama tena, akangoja.

Sikusema kitu.

"Basi," alisema baba, sauti ikitetemeka. "Kumbe nimefuga. Miezi saba nakupa chumba, nakupa sahani, kumbe unaombea gari langu lisipone ili usiondoke!"

Mjomba aliweka chupa juu ya ukuta. Aliinama, akafuta spana zake moja moja, akazipanga sandukuni. Alipokunja lile blanketi mikono yake haikuwa na haraka, lakini taya lake lilikuwa likicheza kama mtu anayetafuna changarawe.

"Miezi saba, shemeji," alisema. "Hata msumari wako mmoja sijauchukua. Ungeniuliza tu."

Akatoka langoni, akijibana pembeni ya gari. Mama alitoka ndani, tepu ya kupimia ikiwa shingoni, kwa kuwa alikuwa akishona.

"Ndugu yangu kaenda wapi?"

 Baba alitafuta mkokoteni, akaipeleka milango kwa kuusukuma mwenyewe, mbele za watu wote aliowaambia habari za gari. Alirudi saa tisa, shati limemganda mgongoni, akapita bila salamu. Siku nzima mama alikanyaga cherehani kwa nguvu hadi vikombe kabatini vikawa vinagongana. Chakula alitutengea bila neno. Sahani ya mjomba aliiweka mezani vilevile, mbele ya baba, tupu, imefudikizwa.

Mimi nilikasirika kuliko wote. Nilimkasirikia Mzee Redio. Jumapili asubuhi nilipomwona ukutani anahesabu kuku nilishindwa kujizuia.

"Wewe ni muongo!" nilipiga kelele. "Hakucheka! Na haikuwa tangi! Umeona ndoo tu, mengine umejitungia!"

Sijawahi kuzungumza na mtu mzima namna ile. Nilitegemea afoke. Badala yake aliegemea ukuta kwa viwiko, akanitazama.

"Haya, mjukuu wangu. Mimi muongo. Kama siye mjomba wako, basi nani? Nitajie nami nitatangaza."

  Nilibaki nimesimama pale kama mtu aliyemezeshwa kokwa, na hasira yangu yote ikageuka, ikaanza kunila mwenyewe.

Nilikwenda jikoni, nikachukua dumu jekundu. Moyoni nilikuwa bado najitetea: halikuwa na tone, nililiona kwa macho yangu. Nililisuuza tena kama siku ile, nikalifudikiza palepale kwenye ngazi, nikakaa pembeni nikingoja hadi maji yaache kudondoka. Kisha nikaliinua, likiwa bado kichwa chini. Kavu. Nikaligeuza likasimama, nikalitikisa.

Kwichi, kwichi.

Nililigeuza juu chini mara mbili, tatu, nikisikiliza, ndipo nikaelewa. Mpini wa dumu una uwazi ndani. Ukilifudikiza, maji hukimbilia kwenye mpini, yanakaa humo yametulia kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Ukilisimamisha, yanarudi chini. Niliyamimina kwenye kikombe. Yalifika nusu.

Nusu kikombe tu. 

Hata hivyo sikusema Jumapili ile. Nilijiambia baba bado ana hasira, nitasema ikipoa. Jumatatu niliporudi shule haikuwa imepoa. Baba alikuwa ameamua kumtengeneza Ajuza mwenyewe. Alikuwa amepiga magoti mchangani bila blanketi. Skrubu moja ilikuwa huku, nyingine kule, na kuku wa Mzee Redio alikuwa akidonoa mpira mdogo wa chujio. Baba alimrushia kuku spana. Ilimkosa, ikagonga taa ya mbele ya Ajuza, kioo kikapasuka.

"Umeona?" alifoka, sijui akimwambia nani. "Umeona sasa shemeji alichonifanyia?"

Niliutua mkoba wa shule chini.

"Siye mjomba," nilisema. "Ni mimi."

"Nini?"

"Maji. Ni mimi, baba. Nilisuuza dumu jekundu Ijumaa. Nikalifudikiza, nikafikiri limekauka, kumbe yamebaki kwenye mpini. Nimelipima jana." Nilikuwa nalia lakini sikutaka kunyamaza tena. "Na nilijua tangu Jumamosi. Ulipouliza ni nani, nilijua."

Baba alisimama. Magoti yake yalikuwa na mchanga. Niliona hasira inapanda usoni, inatafuta mahali pa kwenda, na nikafumba macho.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele."

"Siku tatu, mtoto wewe! Siku tatu nimemchafua mtu!"

"Usimtolee macho yeye peke yake," alisema mama. Alikuwa mlangoni, mikono kifuani, na ilikuwa sentensi yake ya kwanza kwa baba tangu Jumamosi. "Mtoto kakosa, atajibu. Lakini wewe, baba yake, ulisikiliza kichwa kinachoelea ukutani, ukaacha kumsikiliza mtu aliyekula nawe miezi saba. Na huyu alikwambia habari ya rejeta ukamnyamazisha. Ulitaka aseme ya pili kwa mdomo upi?"

 Baba alikiokota kipande cha kioo cha taa, akakigeuzageuza. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, kavu, "Chukua hilo dumu. Tunakwenda."

Mjomba alikuwa kwenye gereji ya rafiki yake, barabara ya mafundi wa kuchomea vyuma. Miguu yake ilitokeza chini ya lori. Baba alinisukuma mbele kidogo. Mafundi waliacha kugonga, wakatazama.

"Mjomba," niliiambia ile miguu, "ni mimi niliyetia maji."

Miguu haikusogea mara moja. Kisha akajivuta nje, uso umejaa grisi, akakaa chini akinitazama. Nilimweleza kila kitu, mende, ngazi, mpini. Nilimtolea mfano kwa dumu, kwichi, kwichi. Fundi mmoja alicheka. Mjomba hakucheka.

"Jumamosi niliona alama ya maji yaliyokauka pale ngazini, mviringo wa mdomo wa dumu," alisema. "Nilijua. Nilikutazama, nikangoja useme. Nimengoja hadi leo."

Ningeweza kuvumilia kofi. Yale maneno yaliniuma kuliko kofi.

"Shemeji…" alianza baba.

"Twende tukamwone Ajuza," mjomba alimkatiza, akiinuka. "Maji yakikaa kwenye pampu yanashika kutu. Nakwenda kwa ajili yake. Tusichanganye mambo."

 Uani mjomba aliuona mchanga, skrubu zilizotapakaa na taa iliyopasuka, akavuta pumzi ndefu puani. Alitandika blanketi. Mimi na baba tulitambaa mchangani tukiokota, na kila kitu tulichookota tulikifuta na kumkabidhi, naye akakilaza mahali pake. Tulikausha tangi lote, dizeli yote chafu ikatoka. Tukabadilisha chujio. Tukatia dizeli mpya, iliyoletwa na baba mwenyewe katika dumu ambalo halijaoga. Kisha mjomba akanionyesha jinsi ya kutoa upepo: naibonyeza pampu ndogo ya mkono juu ya chujio, yeye analegeza nati ya bomba, povu linatoka, natulia, tunarudia. Povu, povu, kisha dizeli tupu, imetulia, haina hata kiputo.

"Washa," alimwambia baba.

Ajuza alikohoa. Akakohoa tena, akatikisika, akatema wingu la moshi, akaanza kunguruma.

Kichwa kiliibuka ukutani. "Eh! Kapona? Nilisema mimi…"

Baba alitoka garini. "Mzee wangu," alisema, na safari hii hakupiga kelele, "uliona ndoo. Hukuona inakomwagwa. Mengine uliyapika, na mimi nikala. Nawe utamwambia shemeji hayo mwenyewe, kwa sauti ileile uliyotangazia."

Kichwa cha Mzee Redio kilishuka, kikashuka, hadi zikabaki mvi tu. "Huenda hakucheka," ilisema sauti nyuma ya ukuta. Halafu baadaye, kwa shida, "Nisamehe, fundi."

Mjomba aliitikia kwa kichwa. Kisha akachutama mbele yangu ili macho yetu yalingane.

"Nati, nisikilize. Kusuuza dumu ni kosa la mtu anayefanya kazi. Hata mimi nimeshaharibu injini za watu. Maji yakiingia kwenye dizeli yana skrubu yake pale chini, unalegeza, yanatoka, kazi imekwisha. Lakini ukweli ulioufungia siku tatu ulikuwa ukimharibu mtu mwingine, na nyumbani hakuna skrubu ya namna hiyo. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama wanapiga kelele. Hasa wakipiga kelele. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

"Hata la dumu uliniambia umesikia."

"Safari hii nimesikia kweli."

Alinigusa kichwani kwa kiwiko, kwa kuwa mikono ilikuwa na dizeli, akaenda kukusanya vyombo vyake. Mama alitoka ndani na sahani ya chakula, imefunikwa, akaiweka juu ya ngazi ya jikoni bila kusema ni ya nani.

Baba alizunguka gari, akarudi, akazunguka tena. Mwishowe alisimama upande wa pili wa blanketi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

"Shemeji," alisema. "Nilikuita mtu wa kufugwa, mbele ya watu. Sikuwa na haki. Chumba chako hakijaguswa. Nakuomba urudi nyumbani."

 Ajuza alikuwa akinguruma peke yake, boneti wazi. Mjomba alipiga magoti, akachukua spana ya mwisho, ile ya upande wa kushoto, akaifuta kwa kitambaa, pole pole, mpini kwanza na kisha kinywa. Sanduku lilikuwa wazi upande mmoja wa goti lake, na mlango wa chumba chake ulikuwa wazi upande wa pili. Nilishika pembe yangu ya blanketi nikingoja anipe ishara ya kulikunja. Aliendelea kuifuta ile spana, bado hajaamua kama anafungasha au anabaki.